Sindano ya Pepopunda

Naguru, Jumanne, 1975

Bado hajacheza. Tangu mchana nimeweka mkono tumboni, kimya tu. Mungu wangu, kama nimemdhuru mwenyewe...

Mkono umevimba pale sista wa kliniki aliponichoma sindano. Alisema, "Utauma, mama, labda na homa kidogo, lakini huyo wa ndani hadhuriki. Tunamkinga na pepopunda." Nikamwamini. Jioni mama mkwe akauona uvimbe nikiosha masufuria.

"Umechomwa sindano ukiwa na mimba? Serikali imemla mwanangu, sasa unaipelekea na tumbo!"

Mwanawe ndiye mume wangu. Watu wa serikali walimchukua kazini, hajarudi. Tumbo hili ndilo alilotuachia, sote wawili, kwa hiyo sikumjibu kwa hasira. Nilisema tu, "Mama, nimechomwa kwa sababu ya yule wa kwanza."

Yule wa kwanza alikakamaa mgongo, hata kunyonya kukamshinda. Tulimzika bila jina, maana kwao mume wangu jina hungoja kitovu kianguke, na chake kilikuwa hakijaanguka. Mama mkwe ndiye aliyekikata kwa kipande cha tete, akapaka majivu. Sista anasema pepopunda huingilia hapo. Alifanya kwa upendo, kama walivyofanyiwa watoto wake wote.

Nimekuta tete jipya amelikausha juu ya jiko. Nimelitia kwenye makaa. Asubuhi atanitukana, na atukane. Mwezi ujao narudi kwa sista anichome ya pili.

Ila naogopa. Nimechoka.

Cheza kidogo, mwanangu. Mara moja tu, mama yako apate kulala.