Karti Mbili za Biro ya Ramani

Uvira, tarehe 4 mwezi wa sita, 2024

Baba mpendwa,

Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama na wote wa nyumbani, na kwamba kifua chako kimepata nafuu. Mimi niko mzima. Kwa kuwa simu yako haishiki mtandao huko mlimani Bijombo, nampa Franck barua hii apande nayo pamoja na chumvi anayokuja kuuza.

Baba, hapa biro, ofisini kwetu, wamenipa kazi inayonitia hofu. Unajua tunachora ramani za mafuriko kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Sasa tumepewa mtaa wa Mulongwe mzima, na ordinateri yetu, ile kompyuta ya kuchorea, imeshindwa. Inahitaji karti grafiki, yaani kibao kinachoingizwa ndani yake ili iweze kuchora. Kuna karti moja yenye nguvu sana, na kuna mbili ndogo ambazo kwa pamoja bei yake ni chini kidogo ya ile moja. Direkta wetu, bwana Pontien, amesema: "Umwiza, weye umesoma. Chagua, andika rapoti, saini."

Mimi ni karani, Baba. Kazi yangu ni kupanga karatasi. Anayejua mashini ni fundi wetu Gratien. Nilipomuuliza hakuinua hata kichwa: "Moja. Ile kubwa. Basi." Nikamwomba aniandikie, akacheka: "Dada, fundi akianza kuandika, karani atakula nini?" Lakini hiyo moja ikiungua biro nzima itasimama, na chini ya karatasi kutakuwa na jina langu tu. Wewe ungefanya nini?

Binti yako,
Umwiza


Bijombo, tarehe 15 mwezi wa sita

Binti yangu Umwiza,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi tuko wazima. Mama yako anakusalimu sana. Kifua bado kinanikohoza, ila hakijanizuia kufuata ng'ombe. Wewe je, unakula? Franck amesema umekonda.

Habari ya kibao nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Mama yako. Mashini siijui. Ninachojua ni hiki: mwaka ule wenye bunduki walipokuja kunyang'anya ng'ombe, waliobaki na kitu ni wale walioragiza, waliokuwa wameweka ng'ombe wachache kwa shemeji na wachache kwa rafiki wa bonde jingine. Jirani yetu Gatete alikuwa na zizi moja, zuri kuliko yote. Kesho yake alikuwa anaomba maziwa ya watoto. Mwenye kimoja hana kitu. Chukua mbili.

Baba yako,
Nkusi


Uvira, tarehe 2 mwezi wa saba

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi sijambo, na ninakula, mwambie Franck apunguze maneno.

Nimechukua mbili. Karti kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya giga ishirini na nne. Hizi ndogo kila moja ina kumi na mbili. Nikajumlisha, nikaona hesabu inakubali. Kwenye rapoti niliandika "baada ya kushauriana na wajuzi". Direkta alisaini bila kusoma.

Gratien alipofungua maboksi akapiga makofi: "Eh! Umwiza amezaa mapacha!" Biro nzima ikacheka, hata mimi. Kisha akaniangalia na kusema polepole: "Lakini minye nilikuambia moja." Akazifunga vizuri, kwa uangalifu, kama ni zake.

Binti yako,
Umwiza


Uvira, tarehe 6 mwezi wa nane

Baba,

Natumaini mko wazima. Nisamehe, leo salamu ni fupi.

Ramani imekataa. Ili ichorwe, lazima iingie nzima katika kumbukumbu ya karti, na kumbukumbu za karti mbili haziungani. Gratien alinieleza kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza: "Umwiza, kabati likishindwa kupita mlangoni, hata ukiongeza mlango wa pili mdogo kama ule, kabati litabaki nje." Amejaribu kuikata ramani vipande viwili. Kwenye mto vipande havikutani vizuri, na tunachoulizwa ni huo mto. Muuzaji wa Bujumbura aliyetuuzia hapokei tena boksi lililofunguliwa.

Leo direkta ameniita, akafunga mlango.

"Hawa wajuzi wa rapoti ni nani?"

Ningemwambia nini, Baba?

"Ni Gratien, si ndiyo?"

"Hapana, direkta."

"Fikiri vizuri. Wenye ramani, waliotupa kazi hii, wanataka jina. Iko jina lako, na iko jina la Gratien. La tatu hakuna. Na weye, muntu wa mlimani, ukitoka hapa, nani atakupa kazi huku chini?"

Hakukasirika. Alikuwa akinisogezea sahani ya karanga. Karatasi imekwisha kupigwa chapa: inasema Gratien ndiye aliyenishauri kuchukua mbili. Inangoja saini yangu hadi Ijumaa. Gratien hajui. Mchana amenimegea nusu ya chapati yake.

Mlango uko wazi, hakuna aliyenifunga, lakini sioni pa kupita. Nijibu haraka.

Binti yako,
Umwiza


Bijombo, Jumapili, tarehe 11 mwezi wa nane

Binti yangu,

Amani. Franck amenikuta sasa hivi natoka kanisani. Njia ilikuwa imefungwa siku tatu, kwa hiyo Ijumaa imetupita. Naandika nimesimama, yeye anangoja.

Usisaini. Katika barua zako zote, kila mara Gratien amekuambia kweli. Aliyekupoteza ni mimi, niliyeshauri nisichokijua kwa sababu nilifurahi kuulizwa. Ndani nimeweka karatasi nyingine, mpe direkta wako. Nimeandika: "Mimi Nkusi, mfugaji wa Bijombo, ndimi mjuzi." Waache wacheke. Mama yako analia, lakini naye anasema hivyo hivyo: usisaini.

Baba yako


Uvira, tarehe 28 mwezi wa nane

Baba mpendwa,

Nawasalimu wote. Barua yako ilifika Jumatano, tarehe 14. Nilikuwa nimesaini Ijumaa iliyotangulia, saa tano na nusu asubuhi. Sitakudanganya kwamba nilishikwa mkono. Niliisoma karatasi mara mbili kama karani mzuri, nikasahihisha tarehe iliyokosewa, nikasaini.

Gratien aliambiwa Jumatatu. Alikusanya bisibisi zake, akapita mezani kwangu. Hakunitukana. Alisema: "Kama ulikuwa unaogopa, si ungeniambia tukaogopa wawili?" Siku hizi anatengeneza simu kando ya daraja la Mulongwe. Mimi ninamwambia mtu wa pikipiki azunguke njia nyingine, ingawa ni mbali.

Direkta ameniletea karatasi nyingine tatu tangu siku ile. Hanitishi tena, hana haja. Anaweka kidole mahali pa saini, na mimi nasaini.

Karatasi yako sikumpa. Si wewe uliyeandika rapoti. Nimeandika yangu, mistari saba: kwamba Gratien alisema moja, na kwamba aliyechagua mbili ni mimi. Leo ni siku ya tisa iko kwenye begi. Asubuhi naitoa hadi nusu, direkta anapita, naisukuma ndani. Nikiitoa, kazi imekwisha. Nisipoitoa, sijui ni nini kitakuwa kimekwisha. Mikono haikubali, Baba.

Binti yako,
Umwiza


Bijombo, tarehe 3 mwezi wa tisa

Umwiza binti yangu,

Mama yako ni mzima. Mimi pia ni mzima, kwa hiyo nateremka. Gatete atanichungia ng'ombe.

Tangu tulipomzika baba yako mdogo sijakanyaga Uvira, na unajua kwa nini siipendi njia ile aliyofia. Franck amekubali tushuke pamoja, na barua hii inatangulia kwa mwenzake. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya lango la biro yenu. Sitaingia. Nikiingia, litakuwa tena neno langu, na neno langu umeliona lilikokufikisha. Wewe ingia na begi lako. Mimi nitakungoja hapo hapo, hata jua likiwa kali.

Ukitoka umeikabidhi, tutakwenda pamoja kwa Gratien pale darajani, na atakayeongea kwanza ni mimi. Ukitoka nayo bado begini, sitakuuliza kitu. Tutakula, na Jumanne nitasimama pale pale.

Usiijibu barua hii. Jibu lako halitanikuta nyumbani.

Baba yako