Vidonge vya Shemeji Yako

Dada yangu mpendwa,

Cherehani imetengenezwa, na kitindamimba wangu ameota meno mawili. Shemeji yako bado anameza vidonge vya usingizi, mwaka wa tatu sasa. Juzi asubuhi, akiwa bado mzito kwa dawa, aliniita kwa jina lako, kama enzi zile alipokuchumbia wewe. Nilimkokota hadi kwa daktari.

“Nilimwandikia vya wiki mbili tu!” daktari alishangaa. “Vikitumiwa muda mrefu vinaweza kuvuruga kumbukumbu. Lakini asiache ghafla, tutapunguza kidogo kidogo.”

“Vinaweza kumsahaulisha mke na kumkumbusha mchumba wa zamani?”

Daktari alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa anameza nusu. Usingizi ni wa kubabaisha, ila ananiita kwa jina langu. Nakupenda dada, lakini usije kututembelea mpaka aache vidonge kabisa.

Ni mimi, mdogo wako.