Kadi Mbili za Serveri ya Aline

Aline mwanangu,

Kwanza ujue, Bujumbura hii, kama si mimi mjomba wako, intaneti ingekuwa imekufa zamani. Wakubwa wa maofisi wananivulia kofia. Juzi mmoja alisimamisha gari katikati ya barabara kuniuliza mambo ya serveri. Magari ya nyuma yakapiga honi mpaka zikasikika kule mtaa wa Carama, mi nikamaliza maelezo yangu taratibu.

Hapo ungecheka. Ungesema, "Tonton, apana, punguza." Sasa hakuna wa kunipunguza, basi ninaongeza tu.

Mwaka umetimia. Jumamosi ni kuganduka, tunamaliza kilio, mama yako anavua nguo za msiba. Ameniomba kitu kimoja: sauti yako. Yale masomo uliyowarekodia wanafunzi wako hapa Mutanga Sud, yamo ndani ya serveri yako. "Kaka, we ndiyo una ufunguo wa kile chumba. Niletee mutoto wangu, watu wamusikie." Nikamjibu hiyo kazi ya dakika mbili. Unanijua.

Serveri ikakataa. Inawaka, inanguruma, lakini kompyuta za darasani haziioni. Niliizima nikaiwasha mara saba. Niliipiga kofi kidogo, unisamehe. Siku tatu, Aline. Mama yako anauliza, mi namwambia kuna apdeti kubwa bado iko njiani inatoka Ulaya. Moyoni nilikuwa najiambia: nimempoteza mtoto huyu mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wangu.

Nikamwita Fiston, yule mwenzako wa Uvira mliyefundisha naye. Akaja na skrini, akaichomeka, akaandika amri fupi. Zikatokea kadi zako mbili za mtandao, moja ya upande wa intaneti, nyingine ya upande wa darasa, kila moja na anwani yake ya IP, kama nyumba na namba yake. Zote mbili zimeandikwa UP, yaani zinafanya kazi. Nikasema, "Unaona? Nzima! Si nilikwambia?"

Akachomoa kebo moja, akatazama kwenye skrini ni kadi gani imekatika. Halafu akanitazama mimi.

"Tonton, kebo zimebadilishana matundu. Ya darasa iko kwa intaneti, ya intaneti iko kwa darasa. Ni kama mutu wa Kinanira umemupeleka Carama, anagonga kwa namba ya nyumba yake. Nani atamufungulia? Na nani alizigusa?"

"Panya."

"Panya anachomoa kebo, halafu anairudisha mpaka inalia klik?"

Nikamwambia panya wa mji huu wamesoma.

Akazirudisha mahali pake, akaping kuona kama inaitika, majibu yakaanza kushuka moja moja. Akafungua somo la kwanza. "Bonjour kila mutu, leo tunaanza polepole." Mama yako alikuwa mlangoni na kikapu cha ndizi. Alikitua, akakaa chini sakafuni palepale. Sikumwona akilia. Alisema tu, "Siku hiyo alikuwa na mafua," akaomba turudie. Tulirudia mpaka Fiston akatoka nje, akajifanya ana simu.

Darasa lako linaendelea. Kiti chako hakuna anayekikalia, hata wageni wanakizunguka bila kuambiwa.

Pumzika, mwanangu. Jumamosi nitasimama mbele ya watu niseme habari zako bila kuongeza chumvi hata punje. Nimekuahidi. Na ngoja nianze leo, na wewe peke yako: hakuna panya. Ulikuwa umebandika vipande vya sparadra, ile plasta ya vidonda, kwenye zile kebo, kimoja umeandika "intaneti", kingine "darasa", kwa kalamu yako ya bic ya bluu. Ni mimi niliyezichomoa, nipate kuvibandua bila kuvipasua. Nilitaka mwandiko wako. Viko ndani ya pochi yangu, nyuma ya kitambulisho, na gundi yake imeshakwisha. Fiston ameandika vingine. Vyako sijamwonyesha.