Ule Mchezo Umetoka Uvunguni

Naro Moru

Kaka yangu mpendwa Mwakio,

Vidole vimekufa ganzi kwa baridi, kwa hivyo usicheke mwandiko. Habari za Voi? Kifua cha baba kimemwachilia? Na wifi yangu, bado anatapika asubuhi? Sisi tunapumua. Kitoto kinaota meno, silali. Nasinzia tu nikiwa nimesimama, nikifua blanketi za wapanda mlima pale lojingi ninapofanya kazi.

Kaka, unakumbuka ule mchezo wa televisheni ulionunua kwa baharia bandarini ukatuletea Krismasi? Kile kisanduku chenye swichi mbili za kuzungusha, na kwenye kioo zinatokea fimbo mbili nyeupe na kidoti kinachorukaruka? Baba Nyambura aliucheza jioni mbili, betri ya gari tunayowashia televisheni ikaisha kabla ya habari, akasema, "Huu ni upuuzi," akausukuma uvunguni pamoja na viatu vibovu. Ukasahauliwa huko. Sasa sikiliza.

Kahawa ilipokwisha kuchumwa, mama mkwe alikuja kutoka Mukurweini na mkungu wa ndizi. Alisema amekuja kunisaidia watoto. Lakini unajua huku msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nyambura ni jina la huyu bibi, basi yeye humwita mtoto wangu "mimi". "Mimi amekula? Mimi ameoga?" Jioni moja akamwambia mwanawe mbele yangu, "Shule ikifunguliwa nitaenda na huyu. Hapa ni baridi, na mama yake hashindi nyumbani." Baba Nyambura akakohoa, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Hatuna ng'ombe, kaka.

Tangu hapo nikawa namchunguza. Akimsuka mtoto, nauliza moyoni, anamsukia safari? Akifua gauni la kanisani siku ya Jumanne, kwa nini? Halafu betri ikaanza kuisha upesi. Na baba Nyambura akiwasha televisheni, hakuna habari, ni mchele mtupu unaochemka kwenye kioo. Swichi ya stesheni imezungushwa pasipo na stesheni.

"Mama, nani ameshika hii?" anauliza mume wangu.

"Panya," bibi anajibu.

Na Nyambura, ambaye hawezi kunificha hata peremende, anatazama miguu yake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtoto wangu ameshafundishwa siri. Nikajiuliza, mchana anaonyeshwa nini? Ni nani wanaoingia nyumbani kwangu?

Juzi ilinyesha, blanketi hazikuanikika, tukaruhusiwa mapema. Nikanyata hadi mlangoni kama mwizi wa kuku. Dirisha limezibwa kwa gunia. Ndani nasikia tok, tok, tok. Kisha sauti ya bibi: "Umeniibia! Hiyo mpira ilikuwa ya kwangu!"

"Cucu, ni wewe unachelewa. Zungusha!" Nyambura anamjibu bibi yake.

Nikausukuma mlango. Mama mkwe wangu, kiongozi wa akina mama kanisani, ameketi sakafuni, kitambaa kimemtoka kichwani, ameshika swichi kwa mikono miwili kama anayekamua ng'ombe mkorofi. Kitoto kimelala mgongoni mwake, kimefungwa vizuri. Hakuna aliyegeuka mpaka kidoti kikapita.

"Niliona hii kitu nikifagia," akasema. "Nikasema, ati hata huyu ametupwa bure."

Nilicheka, ndiyo. Lakini shaka haikunitoka. Asubuhi ya kuondoka kwake, alipokwenda kuoga, nikapekua kiondo chake nikitafuta nguo za Nyambura. Sikuona hata soksi. Chini kabisa, ndani ya kitenge, nikakuta kisanduku cha mchezo, waya umekunjwa vizuri.

Akanifumania nacho mkononi.

"Mwalimu jirani yangu ako na televisheni," akasema, akitazama miguu yake kama Nyambura. Nikajua: mchezo ukifika Mukurweini, mtoto ataufuata mwenyewe, tena akikimbia.

Nikamwambia, "Mama, wewe ni mzazi wangu, siwezi kukuvunjia heshima. Lakini mchezo unakaa hapa, na Nyambura anakaa hapa. Ukiwataka, mlango huu ni wako."

Akanitazama sana. "Wewe ni mkali." Akakaza kamba za kiondo. "Haya. Mimi akae. Lakini asicheze na baba yake. Huyo hajui."

Ameenda. Kisanduku sijakirudisha uvunguni, nimekifungia katika sanduku langu la nguo na ufunguo ninao shingoni. Ameahidi kurudi. Nyambura anafanya mazoezi.

Nisalimie baba, na wifi yangu mwambie ale tangawizi. Shangazi mwenye magoti mabovu mpe pole yangu.

Na wewe, kaka, ukiona kisanduku kingine bandarini, tafadhali usimtumie bibi. Akiwa na chake nyumbani, atakachokosa ni mtu wa kucheza naye tu.

Dada yako asiyelala,
Wakesho, mama Nyambura