Mafuta ya Mama kwenye Trekta Lako

Mbukwa, baba, nakusalimu.

Huko uliko sijui kama kuna vumbi la Mkonze, ila trekta lako bado linalo la kutosha. Nakuandikia kwa sababu nusura liuzwe, na najua ungetaka kusikia.

Tangu tukuzike, usukani wake ulikuwa unazidi kuwa mgumu. Wiki iliyopita kaka alishindwa kukata kona nalo langoni. Akashuka jasho likimtoka, akasema basi, wanunuzi wa vyuma chakavu waje walichukue. Mama aliingia jikoni akakaa huko. Mimi nikaomba nijaribu kwanza, mvua zilikuwa zinakaribia.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukinipakata kwenye kile kiti kilichochanika, mikono yangu juu ya usukani, yako juu ya yangu. Ukinituma grisi Kizota, unanionya nisipunjwe, halafu wewe mwenyewe unatokea nyuma yangu na baiskeli, eti ulikuwa unapita tu. Muongo mkubwa wewe! Na usukani ukigoma hukuugombeza. "Nyanyua magurudumu kwanza," ulikuwa ukisema, "ujue ni uzito au ni ugonjwa."

Nikayanyanyua ya mbele kwa jeki. Usukani bado mgumu. Nikafungua ile fimbo ya chuma inayouunganisha na magurudumu, ukazunguka laini kabisa. Basi ubovu ulikuwa chini, kwenye pini zinazogeuzia magurudumu. Nilipochokonoa tundu la grisi kwa waya kikatoka kitu cha njano, kinanata kama ulimbo. Nikakinusa. Baba, kilinukia kama jikoni kwetu.

Nikamwita mama. Wala hakuficha.

"Baba yenu alikuwa analipaka mafuta kila Jumapili tukitoka kanisani. Sasa mimi ningeliacha likauke?"

Kumbe tangu msiba alikuwa analimiminia mafuta yake ya alizeti, yale anayokamua mwenyewe, yale aliyokuwa akikubania hata wewe. Yalikaa humo na joto na vumbi, yakagandia pini.

Niliziosha pini kwa mafuta ya taa, nikapiga grisi mpaka uchafu wote ukatoka kwa chini, nikarudisha fimbo mahali pake. Kaka akapanda, akakata kona kwa mkono mmoja huku anacheka peke yake. Habari za vyuma chakavu hajazitaja tena.

Mama alipiga vigelegele. "Mnaona? Mafuta yangu yamefanya kazi."

"Yamefanya kazi, mama," nikamjibu, na kaka akatazama pembeni.

Nimekukumbuka, baba. Siku ya maziko nilikuwa na wageni wa kuhudumia, kilio changu kimekuja sasa, mikono ikiwa na grisi.

Jumapili hii tulipotoka kanisani mama alikwenda tena na kikombe chake. Alimimina taratibu, akikusimulia habari za wiki nzima. Nilisubiri amalize, aingie ndani. Ndipo nikachukua kitambaa, nikafuta.

Lala salama, baba. Hapa tunakuangalizia.

Binti yako, yule wa kutumwa grisi