Boti Ninazounda Sasa

Ujiji, siku za mbalamwezi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua kwetu Baraka, huko ng'ambo ya ziwa, hatuna mazoea ya neno hili, lakini huku kila mwenye mvi lazima umpe, na nimeona haya kuwagawia wazee wa watu wakati wewe uliyenizaa hujapata hata moja. Basi pokea. Mguu unaendeleaje? Bado unaukanda kwa mawese ya moto? Na wewe Riziki, dada yangu, unayemsomea Mama, usiruke mstari hata ukiona uchungu, wala usiongeze maneno yako matamu. Nakujua.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Moyo ndio sitausemea uongo, umechoka.

Barua yako aliniletea yule mama anayevusha vitenge. Umeniuliza neno moja tu: uvuke ziwa pamoja na Riziki na watoto wake, au mbaki? Umesema wenye bunduki wamefika hadi kwenye mihogo yetu, wameing'oa hata ambayo haijakomaa. Nimekaa na swali lako wiki nzima. Wavuvi wamepumzika kwa sababu ya mwezi unaozishinda taa zao, vyombo vyote viko nchi kavu vinangoja kuzibwa, kwa hiyo mikono yangu ina kazi tele lakini kichwa kiko huru kufikiri. Nitakujibu. Kwanza ujue unavukia wapi.

Mkifika tu, mtapelekwa kambini, upande wa Kasulu, mbali na maji. Mimi nilikaa huko miaka miwili. Tulipewa mahindi ya punje na maharage makavu. Maharage yale, Mama, unayachemsha tangu asubuhi hadi adhuhuri na bado yanakuangalia tu. Kuni mwanzoni zilikuwa nyuma ya choo. Nilipoondoka, wanawake walikuwa wanatembea nusu siku kuzitafuta, na wengine walikutana huko na wanaume wabaya, wakarudi bila kuni na bila kusema neno. Riziki, hapo umenielewa. Tumeupika msitu mzima pamoja na maharage, na wenyeji wanatuchukia kwa hilo, na siwezi kuwalaumu. Sasa hata hayo maharage yamepunguzwa. Tuliambiwa wanaotoa msaada wamechoka, kuna vita vingine mahali pengine pa dunia, na wakimbizi wapya ndio wanaotazamwa. Sikujua kwamba hata ukimbizi unachakaa.

Nilitoka kambini bila kibali. Nilitembea, nikapanda lori la mkaa, likaharibika Kidahwe. Mama mmoja pale alinipa maji, akanisikiliza ninavyosema, akajua nimetoka wapi.

"Ninyi mmetumalizia miti," akaniambia, bila ugomvi, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikatazama magunia aliyoyapanga kando ya barabara. "Na huo mkaa wako, mama?"

"Mahindi yameungua na jua miaka miwili. Nisipochoma mkaa, wanangu wale nini?"

Nikanywa maji yangu. Tungebishana mpaka jioni na kila mmoja angekuwa na haki.

Hapa Ujiji nilipokelewa na Mzee Rajabu, mwenye kiwanja cha kuundia boti. Babu yake alitoka upande wetu, na anamkumbuka marehemu Baba kwa kazi yake ya kuunda boti. Ni mtu mwema, ila ana redio, na redio imemharibu. Kila asubuhi ananisomea maovu ya dunia kabla sijashika randa. Joto limezidi, barafu za mbali zinayeyuka, wakubwa wamekutana tena mji fulani, wamekula, wameahirisha. "Ramazani," ananiambia, "hawa wanajua kila kitu. Tatizo si kujua." Kisha anazima ili kulinda betri. Wavuvi nao wanasema dagaa wameshuka chini sana, hawapandi tena kufuata taa kama zamani. Nyavu zimekuwa za matundu madogo hata wanavua watoto wa samaki, na wanaovua hivyo ndio haohao wanaolalamika. Ukiwaambia, wanacheka. Wana njaa leo, Mama, hawana njaa ya mwaka ujao.

Sasa nifike kwenye kazi yangu, maana hapo ndipo ninapotaka unisikie.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akianika mbao? Mninga ulikaa kivulini msimu mzima, wewe ukanung'unika kwamba banda limejaa na kuku hawana pa kulala. Alikuwa anaugonga kwa kidole na kusikiliza. Mninga huo huku haupo tena. Ukipatikana, unatoka mbali na unakwenda kwa matajiri wa vitanda. Sisi tunaunda kwa mkaratusi, tena mbichi, uliokatwa juzi. Boti ikishuka majini inapendeza. Ikilala juani siku chache, mbao zinajikunja na viungo vinafunguka. Tunaziba kwa pamba na mawese, kisha lami juu, kisha rangi ya buluu ili mnunuzi asione lami.

Nilimwambia Mzee Rajabu, "Hii haifai kuvuka. Kuvua karibu, sawa. Kuvuka na watu, hapana."

Akanijibu taratibu, "Nisipouza mimi, atauza wa jirani. Na wewe nitakulipa nini? Utarudi kambini?"

Nikashika patasi. Nataka ujue kwamba sikufukuzwa, sikupigwa, sikutishwa. Nilinyamaza kwa sababu ya ugali.

Boti hizo zinanunuliwa na wafanyabiashara. Zinakwenda huko kwetu na chumvi na sabuni, zinarudi na watu. Miezi miwili iliyopita moja ilifika hapa ufukweni ikiwa imejaa maji hadi magotini, watu wakichota kwa sufuria na kwa viatu. Nilikimbia kusaidia kama wengine. Nikamwona Mama Neema, yule jirani yetu aliyekuwa akiuza mafuta karibu na msikiti. Alikuwa peke yake. Nikamuuliza mama yake yuko wapi, yule bibi aliyekuwa akituchekesha.

Akasema, "Maji iliingia katikati ya ziwa. Ubao ulifunguka pale alikuwa amekaa. Tulichota, tulichota." Kisha akanishika mkono kwa upendo, na hicho ndicho kilichoniua. "Nilionaka alama ya baba yako, Ramazani. Mistari mitatu. Nikasema hii ni ya kwetu. Njo maana nikapandisha mama."

Sikukuambia jambo hili, Mama. Tangu nifike hapa nimekuwa nikizichoma boti zangu kwa chuma cha moto, mistari mitatu chini ya ubao wa mbele, kama Baba. Mwanzoni nilifanya kwa kumkumbuka. Baadaye wanunuzi wakaanza kuitaka, kwa sababu huko ng'ambo watu wanaijua na wanapanda bila kuuliza. Nikaona fahari. Nimemchukua marehemu nikamgongelea kwenye mkaratusi mbichi.

Sikumwambia Mama Neema kwamba ni mimi niliyeiunda. Alikwenda kambini siku ya pili akiniombea baraka.

Alama nimeiacha. Kazi sijaiacha. Lakini zile nilizokwisha kuzitia alama bado zinakwenda na kurudi, na siwezi kuzifuata moja moja na kuzikwangua. Nilimwomba mwenye moja anikubalie, akaniuliza kama nimerogwa.

Nisalimie Shangazi, mwambie dua zake nazihitaji kuliko zamani. Msalimie shehe aliyenifundisha kusoma, na yule mzee jirani anayewachungia mbuzi, kama mbuzi bado wapo. Watoto wa Riziki wabusu kwa niaba yangu, hasa yule mdogo ambaye sijamwona.

Sasa jibu langu. Mkibaki kuna bunduki, mkija kuna haya niliyoeleza. Sina mahali pa tatu pa kuwaonyesha, nimetafuta. Kama bado mnaweza kujificha milimani kwa ndugu zetu, nendeni milimani. Kama hamuwezi, vukeni, Mungu ndiye ajuaye. Ila mkifika ufukweni, kabla hujaweka mguu, mwambie Riziki ainame aangalie chini ya ubao wa mbele. Akiiona mistari ile, ninajua moyo wako utakavyofanya. Utaona kazi ya mumeo, utasema tumepona. Hata kama watu wanakusukuma kutoka nyuma, Mama, hata kama nahodha anakuita kwa jina, rudi nyuma ukae mchangani.

Mwache Baba apite.

Mwanao,
Ramazani