Kioo cha Kabati la Dawa

Shoga, uko? Nimejifungia kwenye choo cha hospitali, nalia.

Si unajua dada aliniomba nitoe damu, wapime jeni iliyonifanya kiziwi? Nikatoa mkono bila kinyongo. Kumbe mimba yake itatungwa maabarani, na damu yangu ndiyo itawaonyesha jeni ya kukwepa wakichagua kiinitete!

Alinigeuzia mgongo akiongea na daktari, nisisome midomo yake. Akasahau kioo cha kabati la dawa.

"Nampenda sana, ila sitaki mtoto kama yeye."

Kama yeye! Kama mimi, shoga!

Halafu akageuka, akatabasamu, akanishukuru kwa ishara.

Usiniambie labda nimesoma vibaya. Ni yeye aliyenifundisha kusoma midomo tukiwa wadogo, akirudia jina langu polepole mpaka nikalijua.